Prosesa ya Kabula na Maji ya Injini

Ngokolo, Shinyanga
Jumamosi jioni

Mwanangu Kabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji ukaacha nusu kikombe, kisha ukaondoka na baba yako kwenda Tinde kumuaga bibi. Mtarudi kabla ya giza. Umeme umekatika tangu mchana, mashine yetu ya kusaga imenyamaza, wateja wameacha madebe yao kwenye foleni wakaenda zao, na mimi nimekaa juu ya gunia pamoja na mdogo wako Milembe mwenye kalamu. Maneno ni yangu, mwandiko ni wake. Mkono wangu unaujua, unatosha kuandika jina na hesabu za madebe. Ninasema Kisukuma, ninasema Kiswahili, ninachanganya, naye anayapanga kama wanavyofundishwa shuleni kwao. Akiona sentensi imepinda ananisimamisha.

"Mama, hapo umeanza jambo hujalimaliza."

"Liandike hivyo hivyo. Dada yako ananijua."

Sitakuandikia habari za kufua, za kula, wala za kutembea na watu gani. Shangazi yako amekuimbia hayo wiki nzima, na michembe, yale makavu ya viazi, ameshaifunga kwenye mfuko wako wa pili. Ninakuandikia jambo moja tu, nalo ni prosesa.

Kesho utapanda basi la Mwanza, na Jumatatu, kabla ya kuripoti chuoni, utapita dukani kununua prosesa, kitu pekee kilichobaki ili kompyuta yako iwe kompyuta. Kasha unalo, bodi unayo, ramu unazo. Umevikusanya kimoja kimoja tangu ulipomaliza kidato cha nne, vingine kutoka ile kafe ya intaneti iliyofungwa, vingine kwa kumfanyia fundi Sudi wa kompyuta kazi bila kulipwa. Bila kompyuta yenye nguvu hutaweza kuchora zile ramani za migodi, na hizo ndizo unazokwenda kusomea. Fedha ya prosesa imetoka kwa ndama, na ndama mwingine hatuna. Ukinunua isiyofaa utasoma kwa kuazima kompyuta za wenzako, saa wasizozitaka wao. Halafu Jumapili iliyopita, mbele ya baba yako, nilikufanya uahidi kwamba utanunua ile ninayoitaka mimi.

Tangu siku hiyo ahadi hiyo imenikaa vibaya. Nimeigeuza huku na huku kama mtu aliyelalia jiwe. Ndiyo maana ninaandika.

Acha kwanza nikueleze nilivyoelewa mimi, ili ukiona nimepotea ujue nilipotelea wapi. Siku ile dukani kwa fundi Sudi, karibu na soko, alitufungulia kwenye simu yake picha za prosesa mbili alizonazo mwenzake wa Mwanza. Zote zilikuwa zimetumika, zote zinaingia kwenye bodi yako. Machoni pangu vilikuwa vipande viwili vya bati vinavyolingana.

"Mama," ukasema, "hii ya kwanza ni mpya kidogo, lakini imefungwa. Inakwenda mwendo iliowekewa kiwandani, basi. Hii ya pili ni ya zamani na bei yake ni ndogo, ila imefunguliwa. Naweza kuikimbiza kupita mwendo wake, ikafanya kazi kama ya bei kubwa."

"Kwani walioitengeneza hawakuujua mwendo wake?"

"Waliujua. Waliacha nafasi juu kwa ajili ya usalama. Na hazifanani, mama. Hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja, hii itapanda sana, na ile itapanda kidogo tu ikatae."

Fundi Sudi akaingilia. "Mama Kabula, chukulia ni pikipiki iliyotolewa kizuizi cha mwendo."

"Na vijana waliotoa vizuizi kwenye pikipiki zao wako wapi?"

"Wengine wako barabarani, mama."

"Na wengine?"

"Wengine wamefungwa plasta."

Mlicheka nyote wawili. Mimi sikucheka, nawe ukadhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimesikia mdomo wako ukitoa maneno yaliyowahi kutoka kwenye mdomo wangu, wewe ukiwa na meno ya utoto.

Jumapili, baada ya chakula, ukaanza tena kunieleza. Nikakukata. Nikasema kitu kikikimbizwa kupita mwendo wake kinakufa, nunua iliyofungwa, niahidi. Ukasema iliyofungwa itakuchosha kabla ya mwaka wa pili, kwamba ramani za chini ya ardhi ni nzito. Nikasema, niahidi. Baba yako akawa anaangalia sahani. Ndipo ukasema, "Sawa, mama."

Hiyo sawa yako ilikuwa ndogo sana, mwanangu. Sawa zako nyingine zote nazijua: ya kuchota maji, ya kumwachia Milembe kitanda cha dirishani, hata ile ya uongo ya kusema umeshakula. Hii sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mtu aliyefunga mlango polepole ili asikere walio ndani.

Sasa nikupe habari za machimboni, maana unazijua vipande tu. Unakumbuka turubai la bluu, na yule mbwa mwenye sikio moja, na kulala juu ya mifuko. Ulikuwa hujaanza shule. Tulikuwa kule Geita, mbele ya Katoro, kwenye machimbo ya watu wadogo, na tulikuwa na karasha. Milembe anasema nieleze karasha ni nini kwa sababu yeye hajawahi kuiona. Haya. Ni pipa la chuma lenye vyuma vya mviringo ndani yake. Injini ya dizeli inalizungusha kwa mkanda, na mawe ya dhahabu yanasagika humo mpaka yawe unga. Mchimbaji analeta mifuko yake, tunamsagia, kisha anaosha ule unga kwenye mwalo wetu, yaani ubao wa mteremko uliotandikwa blanketi. Maji yanapita na mchanga, dhahabu inabaki kwenye manyoya ya blanketi. Yeye anaondoka na dhahabu yake. Mchanga uliokwisha kuoshwa, tunauita marudio, unabaki kuwa wa mwenye karasha, kwa sababu ndani yake dhahabu haijaisha yote, na kuna watu wanaokuja kuyanunua kwa lori. Ndiyo desturi ya kule. Kwa hiyo mwenye karasha hatazami sana injini. Anatazama lundo lake la marudio linavyopanda.

Injini niliichagua mimi. Baba yako alitaka tusubiri tupate kubwa. Nikamwambia kubwa ya nini, tuchukue hii ndogo ya bei nafuu, tutaikaza, itafanya kazi ya kubwa. Nilisema maneno hayo nikiwa nimeshika kiuno, mbele ya muuzaji, na muuzaji akanisifu. "Huyu mama anajua biashara." Nilitembea na sifa hiyo hadi nyumbani.

Na kweli ilifanya kazi. Shimo la jirani likatema, maana yake likaanza kutoa dhahabu, watu wakamiminika, na mifuko ikapangwa foleni kutoka kwenye turubai letu hadi njiani. Vijana walikaa juu ya mifuko yao wakinitania.

"Mama Kabula, hiyo karasha yako inasaga au inatafuna tu?"

"Inatafuna. Wewe mwenye haraka yameze mawe yako hivyo hivyo."

"Nikiyameza nitayaoshea wapi?"

"Kwenye mwalo wangu, na marudio uniachie."

Baba yako akakaza springi inayopandisha resi, yaani kasi ya injini, na injini ikaanza kuimba. Ilikuwa kiangazi. Maji yaliletwa kwa mapipa juu ya mkokoteni wa punda kutoka mbali, na kila pipa lilikuwa na mwenyewe kabla halijashuka. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani lisingefanyika mahali pengine popote duniani. Injini ilihitaji maji ya kupoza, na mwalo ulihitaji maji ya kuoshea. Maji ya mwalo unayaona yanachofanya: yanapita, mchanga unashuka, lundo lako linakua, watu wanashangilia. Maji ya injini yanaingia kwenye tenki yanageuka mvuke, na hakuna anayeshangilia. Maji nikaupa mchanga.

Injini haikunyamaza. Iliniambia kwa njia zake zote. Moshi wake ukawa mzito, sauti ikabadilika kuwa nene kama ya mtu mwenye mafua, na chuma kikatoa harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni.

"Mama Kabula," baba yako akasema, "injini inataka maji."

"Limebaki pipa moja, na watu wanaosha."

"Nipe ndoo mbili tu."

"Ukichukua ndoo mbili mwalo unasimama. Wakiuona umesimama, watahamia kwa mwenzetu."

"Basi nipunguze resi."

"Foleni ikiisha."

Alisimama pale na ndoo tupu. Baba yako si mtu wa kugombana mbele ya watu. Akarudi kuketi karibu na injini akaanza kuipepea kwa kipande cha boksi. Niliona akiipepea nikacheka. Ninakuandikia hilo kwa sababu kati ya yote ndilo ninalolikumbuka zaidi: mwanamume mzima anapepea injini kwa boksi, na mkewe anacheka, na pipa la maji liko katikati yao.

Injini ikatoa sauti moja fupi, kama mtu aliyepaliwa, ikasimama. Mkanda ukateleza ukaanguka. Kisha kijana mmoja akainuka, akajipangusa, akabeba mfuko wake begani. "Pole, mama," akasema, kwa heshima kabisa, akaelekea kwenye karasha ya mwenzetu. Wengine wakamfuata. Hawakuwa na ubaya wowote. Mawe hayawezi kusubiri huzuni ya mtu.

Fundi alipoifungua akatuonyesha pistoni ilivyong'ang'ania ndani ya silinda. Haikufaa tena. Tukauza lile pipa la chuma na marudio tukarudi Shinyanga juu ya lori la mkaa, wewe ukiwa umelala mapajani kwa baba yako. Tukavuka Kahama. Ndipo baba yako akasema, bila hasira, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Tungeipa maji."

Nami nikajibu, "Tusingeikaza."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusema juu ya jambo hilo. Kila mtu alishika la kwake. Sasa fikiri, Kabula, nimeishi na langu miaka yote hii, nikidhani ni hekima niliyoilipia, kumbe nililipia kitu kimoja nikaondoka na kingine.

Utaona kwenye mashine hii hii ya kusaga iliyo mbele yangu. Fundi wa mota aliponifungia, aliniambia mota hii ina nguvu kuliko kazi tunayoipa, nikibadilisha puli, yaani gurudumu la mkanda, itasaga haraka zaidi na haitaumia. Nikakataa. Akaja mara nyingine, nikakataa tena. Yule mwenye mashine ng'ambo ya barabara alibadilisha ya kwake, na wateja wangu wakaanza kuvuka. Mama Shija, ambaye amesaga kwangu tangu mwanzo, aliniambia usoni, "Mama Kabula, kwako mtu anaweza kuja na mimba akaondoka na mtoto mgongoni." Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini puli ni ile ile mpaka leo. Kule nilikaza bila kusikiliza. Hapa nikakataa kukaza, bila kusikiliza vilevile. Masikio yalikuwa yamezibwa pande zote mbili.

Milembe ameniuliza kama aandike hilo la masikio. Nimemwambia aandike.

Sasa nikuambie kilichonigeuza. Ni Jumatano, siku tatu baada ya kukufanya uahidi. Nilikuletea chakula dukani kwa fundi Sudi, nikakukuta na kompyuta ya yule kijana mwenye kibanda cha gemu. Mwenyewe alitaka ikimbizwe, na fundi alikuwa amekuachia wewe. Hukunisikia nikiingia. Nikakaa kwenye benchi na bakuli langu mapajani.

Ulianza kwa kupuliza vumbi. Vumbi letu hili jekundu lilitoka humo kama pilipili ya unga. Ukafuta ile dawa ya zamani ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, ukapaka mpya, kidogo kama punje ya mchele. Ukafunga feni kubwa. Nikasubiri nione lini utaikimbiza, na hukuikimbiza. Uliiwasha kwa mwendo wake wa kiwandani, ukaipa kazi ngumu, ukaangalia nyuzi za joto. Kisha ukapandisha hatua moja. Ukasubiri. Ukapandisha nyingine. Ukasubiri. Fundi Sudi akapita.

"Kabula, utazeeka hapo. Mwenyewe anakuja saa kumi."

"Akija saa kumi atanikuta."

Ukapandisha tena, na kioo kikazima. Nikasimama na bakuli likaanguka. Ndipo uliponiona.

"Mama! Shikamoo. Umefika saa ngapi?"

"Marahaba. Umeiua."

"Haijafa, mama. Imekataa tu."

Ukaiwasha, ikawaka. Ukaishusha, siyo hatua moja tu, ila mbili. Nikakuuliza kwa nini usiiache pale ilipofika kabla ya kukataa, na ukanijibu huku unaokota maharage sakafuni, wala hukujua umesema nini. "Pale pa mwisho ni pa kujisifia, mama. Pa kufanyia kazi ni chini yake kidogo."

Kisha ukaiachia kazi ngumu mchana kutwa. Nikasogea nikaweka nyuma ya mkono wangu kwenye upepo uliokuwa ukitoka. Ulikuwa wa vuguvugu tu, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nikakuuliza juu ya ile feni kubwa, nikitaka kujua kama kila mtu anayo. Ukasema, "Hiyo ndiyo watu hawanunui. Wanamaliza hela yote kwenye prosesa, halafu wanashangaa."

Niliondoka nikiwa nimeelewa mambo mawili. Kwanza, baba yako alikuwa na haki kwa neno lake la kwenye lori. Hatukuharibikiwa kwa sababu tulikaza, tuliharibikiwa kwa sababu nilikataa kusikia ilipokataa, na nikainyima maji. Pili, wewe unasikia. Nilikuahidisha kana kwamba wewe ni mimi, na wewe si mimi.

Lakini usifurahi bado, ng'wanawane, mwanangu. Juzi ulikuwa uani unaongea na simu na rafiki yako wa Mwanza, na mimi nilikuwa naanika nguo. Nilisikia habari za prosesa ya tatu, kubwa kuliko zile mbili, nayo imefunguliwa, na kwamba fedha yako inaitosha kwa shida. Ukasema, "Feni nitanunua baadaye." Nilisimama na shuka mkononi. Sauti ile ilikuwa yangu ya kule machimboni, na hiyo "baadaye" yako ndiyo ile "foleni ikiisha" yangu. Sikukuita, maana ningekuita siku hiyo ningekufokea.

Hapo sikukatazi tena, ninakueleza tu ninavyoona. Kama ningekuwa mimi leo, nikiwa na akili ya leo na fedha ya ndama mmoja, ningechukua ile ndogo iliyofunguliwa, na chenji ningeigawa kwa feni nzuri na kwa pawasaplai, kile kisanduku cha kuipa umeme, ambayo haitetemeki, kwa sababu umeme wa kupanda na kushuka unaujua, umekua nao. Ningeitumia kwa mwendo wake wa kiwandani kwanza, hadi nizoee sauti yake ya kawaida, maana usipoijua sauti ya kitu kikiwa kizima hutaijua kikiumwa. Na muuzaji akikwambia prosesa hii tayari ilikuwa inakimbizwa na mtu, imefika mwendo wa ajabu, mwombe aichomeke mbele yako uiangalie ikifanya kazi. Akianza kukusifu kwamba wewe binti unajua biashara, ondoka. Nimeshasifiwa hivyo.

Kuna na hili. Chuoni mtakutana vijana wengi wenye mashine zao, na jioni watakuwa wanatajiana mwendo waliofikia. Uliniambia mwenyewe kwamba hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja. Usiikimbize yako kwa ajili ya ya mwenzako. Hili ninalisema nikiwa na mfano mkononi, anayeandika hapa. Miaka yote nimemwambia Milembe, mwone dada yako, dada yako kidato cha pili alikuwa wa ngapi, dada yako hivi, dada yako vile. Nimemkaza kwa springi ya mtu mwingine. Sasa kalamu imesimama na ananiangalia.

"Mama, hilo nalo niliandike?"

"Liandike. Nimekosea."

"Siyo sana," anasema. Nimemwambia aandike na hilo pia, kwamba siyo sana, kwa kuwa ni neno lake na ni zuri.

Naona nimesema mengi juu ya vyuma. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujua namna nyingine ya kusema ninachokijua. Wenzangu wana methali, mimi nina injini moja iliyoharibika. Na kitu kinachonipa usingizi, Kabula, siyo kwamba utanunua prosesa nzuri. Ni lile bega lako Jumatano, lilivyotulia, kioo kilipozima. Mimi ningepiga kelele. Wewe uliiwasha tena. Unakwenda kujifunza kuchora mashimo ya chini ya ardhi ili watu wasiingie gizani kwa kubahatisha, na kwa kazi hiyo nadhani bega la namna hiyo linahitajika kuliko mwendo wowote.

Ahadi yako umeitoa mbele ya baba yako, kwa hiyo kuifuta nako ni mbele yake. Leo tukishakula nitasema kwa mdomo wangu. Nitamwambia pia, kuhusu neno lake la kwenye lori, kwamba alikuwa na haki, na nadhani atatazama sahani kama kawaida yake. Ikitokea nikashindwa kusema, maana mimi hushindwa na maneno madogo na kushinda makubwa, basi utampa barua hii aisome kabla hujapanda basi, na mambo yatakuwa yameisha. Ahadi ile haipo. Nimeiondoa mimi niliyeidai, na huna deni kwangu la iliyofungwa wala la iliyofunguliwa.

Milembe anasema karatasi inaisha na anataka kuacha nafasi ya jina langu niandike mwenyewe. Nitaliandika. Umeme bado. Wenye madebe wameanza kurudi kuchungulia, na Mama Shija anauliza kwa sauti mlangoni kama tumehamia kwenye ukarani.

Jumatatu utasimama mbele ya yule muuzaji, na zitakuwa mbili au tatu mezani, na utatamani kunipigia uniulize ipi. Usinipigie. Sitapokea; nitakuwa nimeiweka simu chini ya gunia ili nisikuharibie. Chagua mwenyewe. Nipigie ukishaifunga ikawaka, hata kama ni usiku, niisikie inavyolia. Na isipowaka, nipigie vilevile.

Mama yako,
Mama Kabula